Hilux inalia uuuu: nitengeneze difu hapa Tanga au ninunue ya mtumba Dar?

Mvuvi_Nchikavu: Wakuu, habari za jioni. Pikapu yangu wiki ya tatu sasa inalia uuuuu, kama nyuki waliofungiwa kwenye dumu. Fundi wa Ngamiani kasema difu, lile tufe la gia kwenye ekseli ya nyuma, anataka 450,000 abadili beringi. Shemeji yangu yuko Dar, anasema achana naye, difu nzima ya mtumba ni 900,000 na inapanda basi leo leo. Nishike ipi? Ijumaa nataka niwe nimeshaamua.

Bwana_Spana: Pikapu gani? Ya mwaka gani? Inalia imesimama au inatembea? Tupige ramli?

Mvuvi_Nchikavu: Samahani mkuu. Hilux ya 2001, injini aina ya 5L, 4WD, ile ya kuvuta kwa tairi zote nne. Inalia ikitembea, ikifika 60 ndiyo inaimba hasa.

Bwana_Spana: Haya. Ukikanyaga mafuta inazidi, ukiachia inabadili sauti? Basi tazama pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, na beringi zake. Kama hata ukiitoa gia inalia vilevile, ila ukiyumba kushoto na kulia sauti inageuka, hiyo beringi ya tairi na laki nne zako zitakwenda bure. Na kama inalia gia zote isipokuwa namba nne, ugomvi uko kwenye giaboksi, maana kwenye nne nguvu inapita moja kwa moja, haishuki kwenye shafti ya chini.

Mama_Machungwa: Yangu ilikuwa inalia nikikata kona, kumbe pampu ya usukani imekauka. Chupa moja ya oili, kimya. Na fundi alishalala chini ya gari analegeza nati za difu!

Bwana_Spana: Ya kwako dada ingelia hata imesimama. Yake inataka mwendo.

Mvuvi_Nchikavu: Nimejaribu. Nikikanyaga inalia, nikiachia inanyamaza kabisa.

Mzee_Chumbageni: Difu hiyo. Nunua nzima, usihangaike. Krauni, ile gia kubwa, na pinioni zinataka mtu wa kupanga shimu, vile vibati vyembamba vya kuweka nafasi, na kupaka rangi kwenye meno aone yanagusana wapi. Vijana wetu wanakaza kwa kubahatisha. Mwezi mmoja tu inalia tena, safari hii kwa besi.

Muheza_Juu: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo unampoteza kijana. Mimi nilinunua hiyo "nzima". Ikaja kwa basi, imeoshwa inang'aa, tukafunga, kimya kabisa. Nikamwambia mke wangu tumepona. Kitu pekee, mshale wa spidi ukawa unasema nakimbia kuliko kawaida, nikafurahi, nikadhani gari limepata nguvu. Masika yakaja, nikapanda Amani kuchukua iliki, utelezi, nikaweka 4WD. Kwenye tope ikaenda vizuri. Kushuka nikasahau kuitoa, nikaingia nayo kwenye lami Muheza. Usukani ukawa mgumu kama nachonga jiwe, nikasikia KAA! Transfa, ile giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, imepasuka. Kufungua, difu ya mbele krauni ina meno 43 kwa 11 ya pinioni, ile ya Dar 41 kwa 10. Mbele na nyuma haziendi sawa, na kwenye lami hakuna pa kuteleza. Nililipa mara mbili ya ile difu. Hesabu meno kabla hujatuma hela!

Mzee_Chumbageni: Marahaba. Hilo si kosa la difu, ni la mnunuzi.

Muheza_Juu: Muuzaji aliniapia kwa mama yake ni ileile.

Bwana_Spana: Mvuvi, hivi oili ya difu ulibadilisha lini?

Mvuvi_Nchikavu: Kumbe nayo inabadilishwa?

Bwana_Spana: Ya Rabi. Unabeba nini wewe?

Mvuvi_Nchikavu: Samaki, kutoka Kigombe. Maji yakijaa narudi kinyumenyume mpaka ilipo ngalawa, tunapakia hapohapo. Maji yanafika kwenye ekseli, si sana.

Bwana_Spana: SI SANA! Tangu juzi tunabishana na hukusema? Difu imetoka barabarani ina moto, unaichovya baharini, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji ya chumvi kwenye sili na kwenye kipumulio, kile kitundu chake cha hewa. Legeza nati ya chini utuambie rangi.

Mvuvi_Nchikavu: Nimelegeza. Chai ya maziwa. Na kwenye nati kuna vumbi la chuma linang'aa.

Mama_Machungwa: Pole mwanangu. Uliitilia na sukari?

Bwana_Spana: Basi maji yameshaingia. Mwaga oili yote, tia ya bei rahisi uzungushe, mwaga tena, kisha tia oili ya difu 80W-90 ya GL-5. Kipumulio kipandishe kwa mpira mpaka juu ya bodi. Lakini beringi ikishaota kutu hairudi, kulia itaendelea.

Mzee_Chumbageni: Nilisema mapema, nunua nzima.

Muheza_Juu: Aichovye tena baharini hiyo ya laki tisa?

Mzee_Chumbageni: Anunue punda basi, Pangani wapo.

Mvuvi_Nchikavu: Wakuu, shemeji kapiga simu sasa hivi. Anasema kashatoa advansi.

Muheza_Juu: Meno kahesabu?

Mama_Machungwa: Huku mkingoja shemeji ahesabu, Mvuvi, kolekole kilo siku hizi mnatoa shilingi ngapi pale Kigombe? Huku sokoni wanatuchuna.