Naomba ushauri: mnyauko umeingia kibanjani, ning'oe shina zima au nikate mgomba unaougua tu?

Habari zenu wakulima wenzangu, na shikamooni wakubwa. Niko Muleba, Kagera. Kibanja hiki cha migomba na kahawa aliniachia marehemu baba, na ndicho kinachotulisha mimi, mama na wanangu watatu.

Mwezi uliopita mgomba mmoja ulianza kunyauka, majani yakawa ya njano, na ndizi zikaiva kabla hazijakomaa. Nilipozipasua, ndani zilikuwa na rangi ya kahawia. Nilipokata mgomba wenyewe ukatoka utomvu wa njano mzito. Sina shaka tena, ni mnyauko bakteria. Sasa mashina sita yameonyesha dalili.

Panga nalipitisha kwenye moto kila baada ya kukata mgomba mmoja, au nalisuuza kwa jiki. Maua dume nayavunja kwa kijiti cha panda, maana wadudu wanaotembelea maua hubeba ugonjwa.

Ninapokwama ni hapa. Jirani anasisitiza ning'oe shina lote na machipukizi yake. Wengine wanasema nikate ule unaougua tu, usawa wa ardhi, na kurudia kila nikiona dalili. Kung'oa sita ni kazi kubwa, na mama analia kila nikishika jembe.

Aliyepitia hili, ulifanya lipi na kibanja kikapona? Na pale nitakapong'oa, nikipanda maharage kwanza, nisubiri muda gani kabla ya kurudisha migomba? Machipukizi safi mlipata wapi?