Naombeni ushauri: Kiingereza changu ni cha macho, masikio hayajakisikia

KaraniWaZiwani:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina mwezi wa nne kwenye ofisi ya wakili hapa Mwanza. Wakili wangu ni mtu mzima, macho yamemchoka, kwa hiyo kila asubuhi namsomea barua na majalada kwa sauti. Kiingereza nakielewa, ila nimekipata vitabuni. Wiki iliyopita nilifika kwenye "subpoena" nikaitamka ilivyoandikwa, sabupoena. Mzee akanyamaza. Mbele kidogo nikakuta "indictment", yaani hati ya mashtaka, nikaipiga ile c kama k. Mgeni aliyekuwa ofisini akaangua kicheko. Siku hiyo chakula hakikupita.

Yanayonitesa ni hayo mawili pamoja na "lien", "mortgage" na "puisne judge". Je, kuna kanuni, au ni kukariri moja moja? Kazi hii naipenda, sitaki kuisoma kwa hofu.

MzeeWaKamusi:
Marahaba mwanangu. Usijilaumu, maandishi ya Kiingereza yenyewe yamekuchanganya. Waingereza walilichukua "indict" kutoka Kifaransa, wakaliandika "endite", bila c. Baadaye wasomi waliokipenda Kilatini wakaichomeka hiyo c ili neno lifanane na asili yake ya Kilatini. Midomo ya watu haikuwafuata. Ndivyo ilivyokuwa kwa "debt" pia: zamani liliandikwa "dette", b ikaletwa kutoka "debitum". Kwa hiyo usiseme herufi hiyo imemezwa. Waingereza hawakuwahi kuitamka. Sema in-DAIT-ment, mkazo kwenye "dait".

"Subpoena" ni maneno mawili ya Kilatini, "chini ya adhabu". Hati ya kumwita shahidi ilibeba maneno hayo: usipofika, utaadhibiwa. Ni sa-PII-na, b na o zinakaa kimya.

"Mortgage" ni Kifaransa cha kale, "rehani iliyokufa". Edward Coke, mwanasheria Mwingereza wa karne ya 17, alieleza kwamba mdaiwa akishindwa kulipa, ardhi imekufa kwake. Akilipa, rehani imekufa kwa mdai. T haisikiki: MO-gij.

"Puisne" nayo ni Kifaransa, "aliyezaliwa baadaye", yaani mdogo. Hapo ni mdogo kwa cheo: jaji wa Mahakama Kuu ambaye si Jaji Mkuu. Tamka PYUU-ni, sawasawa na "puny", dhaifu. Asili yao ni moja.

MwalimuTausi:
Mdogo wangu, pole sana. Huyo mgeni angekusahihisha kwa upole, kucheka hakukuwa na maana.

Uliuliza kanuni. Kamili haipo, lakini msaidizi unaye kinywani mwako. Babu zetu waliyapokea maneno mengi ya Kiingereza kwa sikio kabla ya kuyaona kwenye karatasi. Kabati linatokana na "cupboard": p iko wapi? Saini na kampeni: ile g ya "sign" na "campaign" hatukuichukua kwa sababu hatukuisikia. Risiti haina p ya "receipt". Nimonia na saikolojia, p ya mwanzo haipo. Wanafunzi wangu wanaposema "risipti" kwa Kiingereza, nawauliza dukani wanadai nini. Wanajirekebisha wenyewe.

"Lien" ni LII-en. Maana yake unaiona kila siku kwa fundi cherehani: gauni limeshonwa, hujamlipa, analishikilia mpaka umalize deni. Haki hiyo ya kushikilia ndiyo lien.

KaraniWaZiwani:
Mwalimu, nimekaa kitako! Risiti naitaja kila siku na sikuwahi kuiunganisha. Mzee wangu, hiyo ya c kuchomekwa na wasomi imeniondolea mzigo.

Bandarini77:
Nakubaliana na Mwalimu, ila tahadhari: si maneno yetu yote yanayofuata sauti ya Mwingereza. Biskuti ina u, Mwingereza anasema "biskit". Kwa hiyo ukiwa na shaka, nenda kwenye kamusi yenye sauti. Ya Cambridge iko mtandaoni bure, ina kitufe cha matamshi ya Uingereza na kingine cha Marekani.

Pia usihangaike na herufi ukasahau mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, tunaubeba mtindo huo mpaka kwenye Kiingereza. "Convict" ukikaza mwanzo ni mfungwa. Ukikaza mwisho ni kitendo cha kumtia mtu hatiani. Kwenye ofisi yako tofauti hiyo ni kubwa.

Mzalendo_Dom:
Dada, kwa nini ujitese? Tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Mwambie wakili wako aende na wakati.

MwalimuTausi:
Kaka Mzalendo, nilifurahi sana sheria ile ilipopita. Lakini majalada ya zamani na hukumu za miaka mingi bado ziko kwa Kiingereza, na mteja wake hawezi kusubiri zitafsiriwe. Binti ameomba msaada wa kazi ya kesho asubuhi.

Mdogo wangu, fanya hivi: jioni omba jalada la kesho, lipitie kwa penseli, kila neno usilowahi kulisikia lipigie mstari. Lisikilize, lirudie kwa sauti mara kadhaa ndani ya sentensi yake. Na mwambie mzee wako ukweli kwamba unajifunza. Mtu mzima anayesomewa kila siku hawezi kukukatalia.

KaraniWaZiwani:
Mrejesho, wapendwa. Nilimwambia. Akasema na yeye alipoanza uwakili aliisoma "puisne" vibaya mbele ya jaji, hakuna aliyemrekebisha mpaka nje. Sasa tumekubaliana nikikwama nasimama, ananipa neno, naendelea. Leo nimesoma kurasa kumi na moja, nimesimama mara mbili tu.

Limebaki moja kwenye jalada la kesho: "chose in action". Hiyo "chose" ni ile ya kuchagua?

MzeeWaKamusi:
Hapana mwanangu. Ni Kifaransa, "kitu". Sema SHOUZ. Ni haki ambayo huwezi kuishika mkononi, unaidai kwa kesi, kama deni unalomdai mtu.