Mrejesho: Wi-Fi sasa inafika ghorofa ya pili

Mwezi uliopita niliwaomba ushauri kuhusu Wi-Fi isiyofika juu katika nyumba yetu ya ghorofa mbili hapa Mombasa, ambamo ruta (kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani) ilikuwa chini sebuleni, nyuma ya televisheni, na binti yangu alilazimika kushuka ngazi kila alipotaka kutuma kazi zake za chuo.

Nilianza kwa kuihamishia ruta juu ya kabati lililo karibu na ngazi. Ghorofa ya kwanza ilipata nafuu siku hiyohiyo, lakini ya pili haikubadilika, kwa sababu mawimbi yalipaswa kupenya sakafu mbili za zege lenye nondo, na yale ya gigahezi 5 (kipimo cha marudio ya mawimbi), ingawa yana kasi, hudhoofika upesi kuliko ya gigahezi 2.4.

Kifaa cha kurudia mawimbi nilichoazima kwa shemeji kilionyesha alama zote za mtandao huku kasi ikiwa duni, kwa kuwa kilipokea na kurusha kwa zamu kwenye mawimbi yaleyale. Hapo ndipo nilipokubali shauri lenu la kuvuta waya. Fundi alipitisha waya wa mtandao wa daraja la Cat 6 wa mita 18 ndani ya bomba la zamani la simu (si la umeme, jambo nililolisisitiza) hadi kwenye kirusha mawimbi kilichofungwa darini. Ruta iko chaneli (njia ya mawimbi) ya 1, kifaa cha juu chaneli ya 6 ili visiingiliane, na jina la mtandao na nywila ni vilevile.

Chumbani kwa binti yangu kasi imepanda kutoka megabiti 3 hadi 38 kwa sekunde. Roshani pekee ndiyo bado hafifu. Nawashukuru kwa dhati.