Mama kabakiwa na meno manne ya chini: yang'olewe yote au yaachwe?

mtoto_wa_mwisho
Wakuu, habari za kazi. Mama ana miaka 68, yuko Morogoro. Juu hana jino hata moja. Chini amebakiwa na manne ya mbele: chonge mbili na mawili katikati. Hayo ya katikati yanacheza ukiyagusa. Chonge zimesimama, ila ufizi umeshuka kidogo. Ana sukari na presha, anatumia vidonge. Kliniki wamesema yang'olewe yote manne, apewe seti nzima juu na chini. Ndugu wengine wanataka tuchange apandikizwe ya skrubu zinazofungwa kwenye mfupa, wengine wanasema yale laini yanayopinda. Tunachotaka ni ale ugali na nyama bila kuhangaika. Tuulize nini kabla ya kukubali?

kiti_cha_meno
Hayo yanayocheza acha yatoke. Chonge ndiyo habari yenyewe. Msikubali zing'olewe kabla ya picha ya eksirei inayoonyesha mzizi mzima, na mumuulize daktari: mfupa umeshika mzizi kiasi gani? Ukiwa umeshika nusu au zaidi, na jino halididimii likikandamizwa, mzizi unaweza kubaki.

Tatizo la mama litakuwa chini, si juu. Meno bandia ya juu hukaa kwa kunyonyana na kaakaa: eneo ni pana na mate yanagandisha. Chini kuna utepe mwembamba tu wa ufizi, karibu nusu ya eneo la juu, halafu ulimi unasukuma kutoka ndani na mashavu kutoka nje. Tena jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kuyeyuka. Kasi ni kubwa mwaka wa kwanza, kisha unaendelea polepole maisha yote, na kwa asiye na meno kabisa taya la chini hupungua karibu mara nne ya la juu. Ndiyo maana unaona wazee wamevaa ya juu, ya chini yako kwenye kikombe.

Mzizi ukibaki, mfupa unaouzunguka unabaki. Kinachofanyika ni hiki: kiini cha jino kinatolewa, mfereji wa mzizi unazibwa, jino linakatwa mpaka libaki milimita 1 au 2 juu ya ufizi, linalainishwa liwe kama kichuguu kidogo. Meno bandia yanakaa juu yake kama kofia. Mama ataendelea pia kuhisi anauma kwa nguvu kiasi gani, maana hisia hiyo iko kwenye nyuzi zinazoshika mzizi. Hatari yake ni kwamba visiki vilivyofunikwa huoza upesi. Vipigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kila siku. Kama mama hawezi, wala hakuna wa kumsaidia, basi ni afadhali vitoke.

Na msikubali apewe ya juu peke yake, chini abaki na chonge bila magego. Uzito wote utagonga mbele, mfupa wa juu wa mbele utayeyuka, na ufizi pale utabaki unalegalega. Huko kurekebisha ni kazi ngumu sana.

plasta_na_nta
Naongezea upande wa maabara, maana seti nyingi huharibikia hapa. Hesabuni mahudhurio matano hivi. La kwanza ni kipimo cha aljineti, ule uji mzito unaoganda mdomoni kuchukua umbo la ufizi. Kimwagiwe plasta mapema, kikikaa wazi kinakauka na kusinyaa, na seti haitakaa. Juu ya plasta hiyo fundi anatengeneza trei ya mama mwenyewe. La pili, trei inazungushiwa nta ngumu kingoni, mama anasogeza midomo na ulimi ili kingo zifuate misuli yake, kisha kipimo cha mwisho. Daktari akiruka hatua hii akatumia trei ya kawaida iliyotengenezwa tayari kwa kila kitu, kingo zitakuwa ndefu na ya chini itanyanyuka kila akifungua mdomo.

La tatu ni kupima kimo na namna taya zinavyokutana, kwa matofali ya nta. Akiwa ametulia, meno yasiguse. Paachwe nafasi ya milimita 2 hadi 4. Kimo kikizidi, meno yatagongana akiongea na mashavu yatauma jioni. Kikipungua, kidevu kitaikaribia pua na pembe za mdomo zitapasuka.

La nne ndilo la kuwa wakali: meno yakiwa bado kwenye nta. Hapo kila kitu kinabadilika bila gharama; nta ikishabadilishwa kuwa plastiki ngumu iliyopikwa, basi. Mwambieni ahesabu kwa sauti kuanzia sitini hadi sabini. "Sitini na sita" ikitoka na mluzi, au meno yakigongana, irudi kwa fundi. Halafu aseme "fedha" na "vifaa": ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini kidogo tu. Atazame kioo mchana, dirishani. Kwa waliokulia Arusha au Meru, ambako maji yana floraidi nyingi na meno hupata rangi ya kahawia, meno meupe pe huonekana ya kubandikwa. Fundi anaweza kuyapaka rangi.

La tano ni kuvalishwa. Ulizeni kama akriliki, yaani hiyo plastiki ya seti, imepikwa kwa joto. Inayoganda yenyewe ni ya kuziba ufa, si ya kutengenezea seti nzima. Ni dhaifu, na hubakiza kemikali nyingi zaidi zinazowasha ufizi.

kiti_cha_meno
Kuhusu yanayopinda, yale ya nailoni: yanafaa pengo la jino moja au mawili kwa mtu mwenye meno imara pembeni. Kwa mama hayafai. Yakipinda, uzito unaishia kwenye ufizi. Na mfupa ukishuka ni vigumu kuyajaza upya, kwa sababu nailoni haishikani vizuri na akriliki.

Skrubu za titani ni nzuri, na hazihitajiki nyingi. Kwa taya la chini lisilo na meno, mbili tu za mbele zenye vishikizo hutosha kushikilia seti. Huachwa miezi 3 hadi 6 zishikane na mfupa. Lakini kwanza kipimo cha sukari ya miezi mitatu: kikiwa juu, kidonda hakiponi na skrubu inaweza kulegea. Mtajeni pia daktari dawa zote, hasa za kuimarisha mifupa, maana baadhi huzuia taya kupona hata baada ya kung'oa jino. Mkianza na visiki vya chonge, skrubu mnaweza kuziweka baadaye.

mtoto_wa_mwisho
Asanteni sana wakuu. Baada ya kung'oa hayo mawili tusubiri muda gani? Na akishayavaa, nyama lini?

plasta_na_nta
Wiki 6 hadi 8 kabla ya vipimo vya mwisho, na mpange kujazwa upya kwa ndani baada ya miezi 6 hivi, kwani mfupa utakuwa umeshuka. Hilo liulizwe kwenye bei mapema.

Wiki ya kwanza uji mzito, ndizi za kupondwa, ugali laini na samaki. Atafune pande zote mbili kwa pamoja, vipande vidogo. Akitafuna upande mmoja, wa pili unanyanyuka. Nyama iliyochemka kisha ikakatwa nyembamba, kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Asing'ate kwa meno ya mbele. Miwa na mahindi ya kuchoma asahau.

Kidonda kikitokea, arudi kliniki akiwa ameyavaa tangu siku iliyotangulia, ili alama ionekane. Msikwangue nyumbani kwa kisu. Mdomo ukimkauka, mwambieni daktari; dawa nyingine za presha hupunguza mate, na bila mate ya juu hayanyonyi.

Usiku ayavue na kuyaweka kwenye maji ya kawaida. Wenye sukari hupata fangasi chini ya meno bandia upesi: kaakaa linakuwa jekundu bila maumivu, hivyo mchungulieni kwa tochi kila wiki. Ayaoshe kwa mswaki laini na sabuni ya maji, juu ya beseni lenye maji, yakidondoka yasipasuke. Dawa ya meno huyakwangua. Maji ya moto huyapindisha, na yakishapinda ni kutengeneza mengine.