Naomba ushauri: nakala rudufu za mbali kwa wateja wenye biashara ndogo

FundiZamu

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni fundi kompyuta wa kujitegemea, nina wateja saba: ofisi ya mhasibu, zahanati ya meno, wachoraji ramani wawili na wengine wenye biashara ndogo ndogo. Hakuna hata mmoja mwenye mtu wa TEHAMA. Wakikwama wananipigia mimi.

Hadi juzi nilikuwa nawawekea diski ya nje. Kila Ijumaa mteja anaichomeka, programu inanakili, anachomoa, anaifungia kabatini. Ndivyo tulivyokubaliana. Mwezi uliopita mhasibu akanipigia asubuhi kwamba mafaili hayafunguki. Nilipofika nikakuta kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, na kila folda ina ujumbe wa kudai malipo. Nikamwomba ile diski. Akaninyooshea kidole chini ya meza: ilikuwa imechomekwa nyuma ya mashine, taa yake inawaka. Ilikuwa haijachomolewa wiki kadhaa kwa sababu kuinama pale kunamuumiza mgongo. Nayo ilikuwa imefungwa yote.

Nilichoweza kumpa ni nakala ya miezi mitatu nyuma, iliyobaki kwangu siku nilipombadilishia kompyuta. Kazi ya miezi mitatu sasa anaiingiza upya kwa mkono, risiti moja moja. Simlaumu. Utaratibu ule niliupanga mimi, na nikautundika kwenye kumbukumbu ya mtu mwenye shughuli zake.

Sasa nataka nakala ziende mbali zenyewe kila usiku, na kiende kile kilichobadilika tu, si kila kitu upya. Nina seva ya Linux. Mteja mkubwa ana GB 180, mdogo GB 25, na karibu wote wanatumia Windows. Nitumie programu gani? Mzigo wa kwanza naupelekaje? Na mteja akivamiwa tena, nafanyaje uharibifu usifike kwenye nakala?

MzeeWaKebo

Pole sana mkuu, na pole kwa mhasibu wako. Kabla ya programu, kaa na kila mteja umuulize mawili. La kwanza: mashine ikifa leo, anaweza kukaa muda gani bila kufanya kazi? La pili: kazi ya muda gani yuko tayari kuirudia? Zahanati inaweza kukwambia haiwezi kupoteza hata miadi ya asubuhi moja, wakati mchoraji akakwambia siku mbili si neno. Majibu hayo ndiyo yatakayokupa ratiba. Usiwawekee wote usiku mmoja kwa sababu tu ni rahisi kwako.

Nahodha77

rsync inatosha, mkuu. Ipo tangu 1996, inalinganisha faili la huku na la kule, inapeleka vipande vilivyobadilika tu. Andika skripti, weka ratiba, umemaliza.

BintiSeva

Kaka Nahodha, rsync naiheshimu na naitumia kila siku, ila kwa kazi hii ukiiacha hivyo hivyo itamrudisha palepale alipoumia. rsync tupu inatengeneza kioo. Mhasibu akifungiwa mafaili saa tano usiku, saa sita rsync itayaona yamebadilika na kuyapeleka seva juu ya yale mazima. Asubuhi una nakala mbili za uharibifu.

Ipo njia ya kutunza matoleo ya kila siku kwa `--link-dest`: faili ambalo halijabadilika halinakiliwi tena, linaunganishwa tu na lile la jana, kwa hiyo kila folda ya siku inaonekana kamili bila kula nafasi. Ni njia nzuri. Ila tazama linapokuja faili kubwa linaloguswa kila siku, kama sanduku la barua pepe la Outlook lenye GB 12. Mtu akipokea barua tatu, mtandaoni vinapita vipande vichache, lakini kule kwenye seva linaandikwa faili jipya zima la GB 12. Kesho tena. Mwezi mmoja tu, diski imejaa.

Ndiyo maana kwa wateja wa namna yako ningechukua restic. Inakata kila faili vipande vipande, na kipande ambacho tayari kiko ghalani, yaani mahali nakala zinapotunzwa, hakihifadhiwi mara ya pili, hata kikitokea kwenye faili lenye jina jingine. Pia inafunga kila kitu kwa ufunguo wa siri kabla hakijatoka kwenye mashine ya mteja. Borg nayo ni hodari kwa kazi hiyo hiyo, lakini kwenye Windows itakusumbua, wakati restic ni faili moja tu unaliweka na linafanya kazi.

Faida nyingine ni hii: mtindo wa zamani wa nakala kamili ikifuatiwa na nyongeza za kila siku ni mnyororo, pete moja ikikatika, zote za baada yake zinapotea. Kwenye restic hakuna mnyororo huo. Kila toleo linajitegemea katika kurudishwa, na ukifuta la Jumatatu, la Jumanne haliguswi.

Nahodha77

Hilo la sanduku la barua sikuwa nimelipima. Nimekuelewa dada, nakubali.

KaraniWaUsiku

Kuhusu mzigo wa kwanza, piga hesabu kabla hujaahidi siku. Watu wengi wanaangalia kasi ya kupakua, wakati wewe unahitaji kasi ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo zaidi. Chukua huyo wa GB 180, useme anapakia megabiti 4 kwa sekunde. Ni sekunde 360,000, yaani saa 100. Siku nne na ushee, usiku na mchana, na ofisi nzima italalamika intaneti imekufa.

Mimi hubeba diski. Naenda kwa mteja, natengeneza ghala la restic kwenye diski ya nje, nanakili pale pale, kisha naipeleka yalipo makazi ya seva na kulihamisha ghala zima. Kuanzia hapo ni mabadiliko tu. Akibadilisha MB 600 kwa siku, kwa kasi ile ile ni dakika 20. Na weka kikomo cha kasi ya kupakia kwa `--limit-upload` ili asiyemaliza kazi usiku asikwame.

MzeeWaKebo

Mafaili yaliyo wazi msiyasahau. Programu ya hesabu ikiwa imefunguliwa, faili lake laweza kukataa kusomwa, au likasomwa nusu ya zamani na nusu mpya. Kwenye Windows tumia `--use-fs-snapshot`, inaiomba Windows ishike hali ya diski ilivyo kwa wakati ule. Lazima kazi iendeshwe kwa haki za msimamizi, la sivyo itagoma. Na kama kuna hifadhidata yenyewe, usinakili mafaili yake mabichi. Iambie itoe nakala yake kwanza, kisha uchukue hiyo.

BintiSeva

Sasa swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Mashine ya mteja isiwe na uwezo wa kufuta kitu kwenye ghala. Mvamizi akiwa ndani ya kompyuta ya mhasibu, anazo nywila zote zilizomo, pamoja na ya nakala. Wavamizi wa siku hizi huanza kwa kutafuta nakala. Kwenye seva yako endesha rest-server, programu ya kupokea nakala za restic, ukiwa umeiwasha `--append-only`: mteja anaweza kuongeza, hawezi kufuta wala kubadilisha. Kila mteja na jina lake, nywila yake na ghala lake.

Usafishaji wa matoleo ya zamani fanya wewe, kutoka seva, kwa ufunguo ambao haujawahi kukaa kwenye mashine ya mteja. Na hapa pana mtego niliouona kwa macho. Ukisema "tunza matoleo saba ya mwisho", mvamizi anaweza kuongeza matoleo saba matupu, na usafishaji wako mwenyewe ndio utakaofuta yale mazima. Tumia kanuni ya muda, `--keep-within`, na kabla ya kufuta tazama kama ukubwa wa matoleo ya karibuni unafanana na kawaida.

Ufunguo wa restic ukipotea, hakuna wa kukusaidia. Hata walioitengeneza hawawezi. Uandike karatasini, bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mteja na moja kwako. Ukiugua au ukifa, yule daktari wa meno afungue bahasha yake ampe fundi mwingine. Kwa zahanati hili ni muhimu mara mbili, maana ni taarifa za wagonjwa: andikianeni nani anaruhusiwa kuzifungua.

KaraniWaUsiku

Nyongeza moja. Usijitegemeze kwa barua pepe ya "imeshindikana". Januari 2017 GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu mtandaoni, walifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, wakaenda kutafuta nakala za kila siku, wakakuta hazipo. Kazi ya kunakili ilikuwa ikishindwa kimya kimya kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na barua za kuarifu zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Wakapoteza data ya takriban saa sita, na hao ni watu wenye wahandisi. Kwa hiyo geuza: nakala ikifanikiwa, mashine itume ishara, ishara isipofika kwa saa 26, wewe ndiye uamshwe.

FundiZamu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Asanteni mno, nimefuata karibu kila neno.

Nimeanza na zahanati na mhasibu. Diski nilibeba mwenyewe. Matoleo yanakwenda kila usiku, ya zahanati yanakwenda pia saa saba mchana kwa sababu daktari aliniambia, nilipomuuliza kama MzeeWaKebo alivyosema, kwamba miadi ya asubuhi hawezi kuipoteza.

Jumapili nikajaribu kurudisha. Nilichukua kompyuta tupu na bahasha tu, nikajifanya sijui lolote. Ya zahanati ilirudi yote. Ya mhasibu ilirudi bila kosa lolote kwenye skrini, lakini faili analolifanyia kazi kila siku halikuwemo. Nikahangaika, hatimaye nikampigia. Kumbe huwa analihifadhi kwenye sehemu ya mbele ya skrini, si kwenye folda ya hesabu niliyoiandika mimi. Wiki tatu ishara zilikuwa zinakuja za kijani na faili lenyewe haliko. Nilikaa chini kwa dakika kadhaa kabla sijaendelea.

Nimebadilisha sasa, nachukua folda yote ya mtumiaji na kuondoa tu vile nisivyovitaka. Swali langu la mwisho: majaribio ya kurudisha mnafanya mara ngapi?

BintiSeva

Kila mwezi, kila mteja, mafaili machache, na ayachague yeye, usichague wewe. Wewe utachagua yale unayojua yapo. Mara moja kila robo mwaka rudisha mashine nzima. Katikati ya hapo endesha `restic check --read-data-subset=10%` ili vipande visomwe kweli, maana `check` tupu hukagua muundo bila kuvisoma vyote.

FundiZamu

Nimepokea, dada. Ijumaa naenda kwa mhasibu. Nitamwomba anitajie faili lolote la wiki iliyopita, nilirudishe akiwa amekaa pembeni yangu.