Lincoln alipataje uwakili bila chuo?

Mpekuzi: Wakuu, Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, hakusomea sheria chuoni. Aliruhusiwaje kusimama mahakamani kama wakili katika jimbo la Illinois?

Kalamu2: Chuo hakikuwa sharti. Alijisomea kijijini New Salem, vitabu akiazima kwa wakili John Todd Stuart, mwenzake katika bunge la jimbo. Machi 1836 mahakama ya kaunti ya Sangamon ikathibitisha kuwa ana tabia njema. Septemba akapata leseni. Mwaka 1837 akahamia Springfield, akawa mshirika wa Stuart.

Barazani: Msisahau mzunguko. Jaji alihama kaunti hadi kaunti, mawakili wakimfuata kwa farasi au kigari, wiki kama kumi mara mbili kwa mwaka. Kesi nyingi zilikuwa za madeni, ada kiduchu. Lakini faida yake ilikuwa watu: David Davis, jaji wa Mzunguko wa Nane, ndiye aliyeongoza kampeni yake kwenye mkutano wa chama cha Republican wa kuteua mgombea urais, Chicago, 1860.

Mpekuzi: Hakuwahi kupata ada nono?

Kalamu2: Dola 5,000 za reli ya Illinois Central. Tena ilibidi aishtaki kampuni ndipo ilipe!

Barazani: Na 1858 alikosa useneta kwa sababu maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo. Wafuasi wa mpinzani wake, Stephen Douglas, walikuwa wengi humo.