Kibali cha jiji kwa kazi za kupunguza bili ya joto: kifutwe au kibaki?

Wandugu wa Lowell, Lawrence, Worcester na kote Massachusetts, hili tuliongee waziwazi. Harusini juzi jamaa mmoja alitoa hoja na meza nzima ikamuunga mkono. Alisema hivi: serikali inatuhimiza tuzibe nyumba, tuweke insulesheni (vifaa vya kuzuia joto lisitoroke), tutoe boila tuweke pampu ya joto (mtambo wa stima wa kupasha nyumba joto), na inatoa ruzuku. Halafu jiji linadai kibali cha ujenzi, kibali cha stima, ada, na mkaguzi wa kumsubiri nyumbani siku ya kazi. Anataka kazi za ndani ya nyumba zisihitaji kibali chochote.

Mimi napinga, ingawa hasira yake naielewa. Pesa zenyewe zimepungua. Nafuu ya kodi ya serikali kuu, iliyopanuliwa na sheria ya Agosti 2022, ilikuwa inarudisha asilimia 30 ya gharama: hadi dola 1,200 kwa mwaka kwa insulesheni na madirisha, na hadi 2,000 kwa pampu ya joto. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ikaimaliza mwisho wa mwaka uleule. Iliyobaki ni Mass Save, mpango wa Massachusetts wa ruzuku za kupunguza matumizi ya nishati, nayo si sadaka ya mtu, kwa maana tunaichangia wenyewe kupitia bili za stima na gesi, mpangaji akiwemo. Februari 2025 jimbo liliamuru dola milioni 500 zikatwe kwenye mpango wake wa miaka mitatu, baada ya watu kulia juu ya bili. Ruzuku inaponyauka na ada ya kibali iko palepale, lazima mtu aumie.

Lakini twende darini. Nyumba yetu ni ya mbao, ya familia mbili, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kama nyingi za mtaa huu. Mpimaji wa nishati alipokuja alifunga feni kubwa kwenye fremu ya mlango wa mbele, akaiwasha ivute hewa kutoka ndani. Pazia la jikoni likainuka lenyewe. Nikaweka kiganja kwenye soketi ya ukutani, nikahisi Januari inaingia ndani. Hapo ndipo nilipoelewa mafuta yetu ya kupashia nyumba joto yalikuwa yanakwenda wapi. Kisha akapanda darini na tochi, na aliposhuka akasema kazi haiendelei.

Huko juu kulikuwa na waya mbili zilizovikwa kitambaa, zikipita kwenye vigingi vidogo vyeupe vya kaure, na mahali pamoja mtu aliyetutangulia alikuwa ameunga waya mpya kwenye ile ya zamani kwa utepe tu, akafunika kwa ubao. Waya za namna hiyo hupozwa na hewa inayozizunguka. Ukizizika chini ya insulesheni, joto linakosa pa kutokea, na nyumba yenyewe ni mbao tupu.

Sehemu kubwa ya gharama ya insulesheni ingelipwa na ruzuku, lakini gharama ya waya ikaturudia sisi. Fundi mmoja akajitolea kuzibadilisha kwa nusu bei, bila kibali. Mume wangu alikuwa tayari, mimi nikakataa, na hatukusemezana vizuri wiki nzima. Tukamchukua fundi mwenye leseni, kibali kikatoka, kazi ikaisha, mkaguzi wa jiji akaja. Hakukaa hata nusu saa. Akakuta saketi moja ya zamani imesahaulika, ingali inapitisha stima, nyuma ya ukuta wa chumba anacholala mtoto wa mpangaji wetu. Fundi alikuwa mwaminifu, ila hakuiona.

Jambo lingine ambalo wengi wetu hatuambiwi: sheria ya jimbo, sura ya 142A, inamtaka mkandarasi wa kurekebisha nyumba asajiliwe, na kuna mfuko wa kumfidia mwenye nyumba aliyedhulumiwa. Ukimtumia asiyesajiliwa, au ukienda kuchukua kibali wewe mwenyewe ili kumrahisishia, huwezi kudai kwenye mfuko huo. Kwa hiyo fundi akikwambia, "Mama, chukua kibali wewe, itakuwa haraka," muulize kwa nini hataki jina lake liwe kwenye karatasi.

Na Lawrence tusiisahau. Tarehe 13 Septemba 2018 gesi iliingia majumbani kwa shinikizo kubwa mno wakati mabomba ya zamani yakibadilishwa. Nyumba zikalipuka na kuungua, kijana wa miaka 18 akafa. Wachunguzi walikuta mpango wa kazi ulisahau mirija ya kupima shinikizo iliyobaki kwenye bomba lililoachwa, na kwamba kazi za namna hiyo zilikuwa zimesamehewa muhuri wa idhini ya mhandisi. Ile ilikuwa kazi ya barabarani, si ya darini, lakini ilionyesha msamaha wa karatasi unavyoweza kugharimu. Jimbo likaufuta kabla ya mwaka kwisha.

Wapo wanaosema tuige California, na hoja yao ni nzuri. Kule sheria ya 2022, SB 379, iliyataka majiji mengi yatoe vibali vya sola za nyumbani papo hapo kwa mtandao, na ukaguzi ukabaki. Hapa kwetu ofisi ya ujenzi ina hadi siku 30 kujibu ombi. Siku 30 za Januari kwa nyumba isiyo na joto ni nyingi mno, na hilo niko tayari kwenda nanyi ukumbi wa jiji kulisema. Ada nayo iondolewe kwa kazi iliyopewa ruzuku, na ruzuku ianzie kwenye waya, maana nyumba za watu wa kipato chetu zinakwama hapo.

Ila mkaguzi abaki. Anayetaka aondolewe anijibu: ile saketi ya nyuma ya ukuta wa mtoto, nani mwingine angeiona?